Aliyemrudishia Mama Kusoma

Sogeeni karibu, na aliye mbali avute kiti. Nitawasimulia habari za ndugu watatu wa tumbo moja. Nikifika mwisho sitawapa jibu, kwa sababu sina. Jibu mtalitafuta ninyi.

Wa kwanza aliitwa Namsifu. Yeye alijaliwa macho ya kuona kile ambacho watu wanakificha. Ukimwambia sijambo huku moyo unakuuma, alikutazama kwa upole, akanyamaza, na kabla chai haijapoa ungekuwa umeshamwambia kila kitu.

Wa pili, Elinihaki, alijaliwa kuchagua. Mtu akienda kununua ng'ombe wa maziwa, au bati, au hata viatu vya harusi, alimwomba Elinihaki amsindikize. Hakuna muuzaji aliyeweza kumharakisha, na hakuona aibu kurudisha kitu dukani na kusema hiki sicho.

Wa tatu, kitindamimba, alikuwa Mbonea. Huyu hakusifiwa sana utotoni, kwa sababu kipaji chake kilikuwa kimya. Alijaliwa kutokuacha. Akishika kazi, hata iwe ya kuchosha kiasi gani, mikono yake haikuinuka mpaka iishe.

Mama yao, Bi. Nietiwe, alikuwa mkulima wa tangawizi huko Mbaga, katika milima ya Upare. Alikua bila kwenda shule. Alijifunza kusoma akiwa tayari ana mume na mtoto mgongoni, kwenye darasa la watu wazima lililofanyika jioni jioni kanisani. Miezi mingi herufi zilikuwa kwake michoro tu, kama nyayo za kuku kwenye tope. Kisha siku moja alikuwa dukani, akatupa jicho kwenye pakiti iliyokuwa rafuni, na ile pakiti ikamwambia: chumvi. Hakuna aliyemsomea. Alishtuka akageuka nyuma kuangalia nani amesema.

"Tangu siku hiyo," aliwaambia wanawe mara nyingi, "dunia ilianza kuongea na mimi."

Basi akawa mtu wa vitabu. Akiuza tangawizi, alirudi na sukari, mafuta ya taa na kitabu. Mumewe, alipokuwa hai, alimchongea kabati la mninga lenye milango ya kioo, na kabati likajaa. Watoto walikulia mbele yake, wakipukuchua maharage huku mama akiwasomea kwa sauti. Palipokuwa na ngurumo, alinguruma. Palipokuwa na kichekesho, alicheka mwenyewe kwanza mpaka akashindwa kuendelea, na watoto wakamlilia, "Mama, sema basi, alifanyaje?"

Watoto wakakua, wakahama. Namsifu akawa fundi wa nguo Moshi, Elinihaki akafungua duka la vifaa vya ujenzi Arusha, Mbonea akafungua kibanda cha kuchapa na kutoa kopi pale Same mjini, chini ya mlima. Na mama akabaki na vitabu vyake.

Mwaka mmoja wakati wa Pasaka walikutana nyumbani wote. Mama alikaa barazani na kitabu mapajani, kama kawaida yake. Elinihaki akafurahi kumwona anasoma. Mbonea naye akafurahi. Namsifu peke yake hakufurahi. Aliona kwamba mama anafunua kurasa kwa mwendo uleule, hata ukurasa ulio nusu tupu. Aliona kuwa hacheki. Akaona pia kwamba mtu akimsalimia, mama anageuza uso kidogo na kumtazama kwa upembe wa jicho, kana kwamba anamtazama mtu aliye nyuma yake.

Akaenda kuketi chini, miguuni pake.

"Mama, hicho kitabu kinasemaje?"

"Ni kizuri."

"Najua ni kizuri. Nauliza kinasemaje."

Bi. Nietiwe alivua miwani. Kisha akafunga kitabu.

"Nikiliangalia neno, mwanangu, linanikimbia," akasema. "Pembeni naona. Katikati pamefutika. Miwani nimebadilisha, wapi. Nilianza sijui kusoma, na sasa nimerudi palepale. Nilisema nife nayo hii aibu, msijue."

Namsifu alimkumbatia, wakalia pamoja. Asubuhi yake hakurudi Moshi peke yake, alikwenda na mama, akampeleka hospitali kwa daktari wa macho. Daktari alimpima kwa makini, akawaeleza kwamba sehemu ya katikati ya jicho imechakaa na haitarudi. Namsifu akauliza swali moja zaidi, wakati mama ameshasimama kutoka.

"Hiyo sehemu iliyobaki, daktari, inaweza kufanya nini?"

"Inaweza kusoma," akasema daktari. "Ila herufi ziwe kubwa sana, nyeusi kabisa. Vitabu vya namna hiyo sijaviona vikiuzwa. Labda mtafute kile kifaa cha kusomea vitabu, kinachokuza maandishi."

Kwa hiyo wazo la kifaa hicho, kisomeo, lilitoka hapo, kwenye swali la Namsifu. Lakini kisomeo kipi? Mbonea alileta kishikwambi chake chenye rangi zote za upinde wa mvua. Mama alikitazama, macho yakamchoma na machozi yakamtiririka mashavuni. "Ni kama kutazama jua," akasema, akakirudisha. Jamaa waliokuwa mjini wakaanza kutuma picha kwenye kikundi cha simu cha familia. Huyu anasema nunueni hiki, ndicho kipya. Yule anasema kile, hakiingii maji. Mjomba mmoja akatangaza kwamba amepata cha bei poa, waamue haraka, mwenye duka anafunga.

Elinihaki akaandika: "Hakuna kununua. Nipeni muda."

Alifanya jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Badala ya kwenda madukani, alikwenda kwa watu. Aliuliza nani anasomea kisomeo, akamfuata, akamwomba kuazima. Mchungaji mmoja alimpa chake. Mwalimu wa chuo naye akampa, hata mama mwenye nyumba ya wageni, ambaye hakuwahi kumjua kabla. Kila alichoazima alipanda nacho mlimani, akakiweka mikononi mwa mama, akakaa pembeni bila kusema neno. Aliangalia.

Cha kwanza kilikuwa kidogo, kizuri, cha kuingia mfukoni. Herufi zilipokuzwa mpaka mama akaziona, ukurasa mzima ulibaki na maneno machache tu, na mama akawa anasahau mwanzo wa sentensi kabla hajaufikia mwisho. Elinihaki akakirudisha kwa mwenyewe kwa shukrani. Kingine kilikuwa kipana, lakini kizito, na viganja vya mama, vilivyochimba tangawizi maisha yake yote, vikaanza kutetemeka. Kilichofuata kilikuwa chepesi, chenye ukurasa mpana usiong'aa, kama karatasi. Kila mtu akasema ndicho hicho. Elinihaki akaendelea kuangalia. Akaona kuwa ukurasa unafunuliwa kwa kugusa kioo, na vidole vya mama vilivyokauka mara vinagusa kisifunuke, mara vinatetemeka na kurusha kurasa nyingi kwa mpigo.

"Sicho," akasema.

"Kaka, unachoka lini?" Mbonea akauliza.

"Mama akisoma."

Mwishowe akakipata. Kilikuwa toleo la zamani, la kijivu, lisilo na rangi wala mbwembwe, na ilibidi aagize kwa mtu aliyekuwa amekiweka kabatini bila kukitumia. Kilikuwa na ukurasa mpana, chepesi kama sahani ya bati, hakiumizi macho. Ubavuni kilikuwa na vitufe viwili vya kubonyeza kwa kidole gumba, kimoja cha kwenda mbele, kingine cha kurudi nyuma. Na umeme ukikatika milimani, kama unavyokatika, kilikaa wiki nyingi bila kuchajiwa. Kwenye kikundi cha familia walimcheka. "Umezunguka mkoa mzima uje na kitu cha kizamani?"

Mama akakipokea. Akabonyeza, ukurasa ukageuka. Akabonyeza tena. Uso wake ukainuka.

"Naziona," akasema. "Namsifu! Elinihaki! Herufi naziona!"

Wakashangilia. Kisha wakaona uso unashuka taratibu.

"Naziona, lakini haziongei."

Kisomeo kilikuwa kimejaa vitabu vya Kiingereza. Wakatafuta vya Kiswahili vya kununua mtandaoni, wakapata viwili vitatu, na vile mama alivyovipenda havikuwemo hata kimoja. Vilikuwa ndani ya kabati la mninga, karatasi za manjano, vingine vimetoka majalada, vingine mchwa wamepita pembeni.

Hapo Mbonea akafungua kabati, akachukua kitabu cha juu kabisa pamoja na kisomeo, akashuka navyo Same.

Kwanza alijaribu njia ya mkato. Alipiga picha kurasa, akaiachia kompyuta isome yenyewe. Kompyuta ikatoa vioja. Ng'ombe akawa namba, mjomba akawa mboga, na palipokuwa na doa la chai pakatokea alama za kuuliza tupu. Mbonea akavifuta vyote. Akakiegemeza kitabu kwenye kopo la kalamu, akaanza kuchapa neno kwa neno.

Alichapa wateja walipopungua, na walipojaa alichapa kati ya mteja na mteja. Alifika mahali ambapo karatasi ilikuwa imechanika, akampigia mama simu. "Mama, baada ya yule bwana kupanda mnazi, alisema nini?" Na mama, akiwa shambani, akamsomea kutoka kichwani. Pembezoni mwa kurasa alikuta maandishi ya penseli ya mama mwenyewe, ya zamani, yaliyopinda kama ya mtoto: *hili neno gumu. Hapa nimecheka. Huyu mume si mwema.* Hayo pia akayachapa, kila moja mahali pake. Kitabu kikaisha, akapanda kuchukua kingine. Mvua za vuli zikaja, zikaondoka, na Mbonea yuko kwenye kiti chake. Mgongo ukamuuma, akaweka mto.

Siku aliyopanda na kisomeo kilichojaa vitabu alivyovichapa, wote watatu walikuwepo. Ilikuwa asubuhi, ukungu umetanda mpaka barazani. Mama alikaa, akashika kisomeo kwa mikono miwili, akabonyeza kwa gumba.

Midomo ikaanza kucheza bila sauti. Kisha sauti ikaja, ya kukwaruza kwanza, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi, halafu ikanyooka. Alisoma sentensi ya kwanza, ya pili, akafunua. Jirani aliyekuwa anapita na mzigo wa majani ya ng'ombe alisimama njiani, mzigo ungali kichwani, asiutue. Kuku walikuja mpaka miguuni na hakuna aliyewafukuza. Palipokuwa na ngurumo, Bi. Nietiwe alinguruma. Kisha akafika mahali fulani akanyamaza, mabega yakaanza kumtikisika, wakadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashindwa kuendelea, na wale watu wazima watatu, wenye watoto wao, wakajikuta wanamlilia kwa pamoja, "Mama, sema basi, alifanyaje?"

Alipotulia alipitisha kiganja juu ya ule ukurasa wa kijivu, polepole, kama mtu anayemgusa mtoto mchanga usingizini.

"Mungu wangu," akanong'ona. "Mara mbili. Umenipa kusoma mara mbili."

Ukungu ulianza kuinuka na shamba la tangawizi likaonekana lote, jani kwa jani.

Baadaye, baada ya chakula, mama akawaita mbele ya kabati.

"Hivi vya karatasi sitavisoma tena. Vilivyo vyangu sasa viko humu," akasema, akigonga kisomeo. "Kabati na vilivyomo nampa mmoja wenu aende nalo. Sitaki vigawanywe, vimekaa pamoja muda mrefu mno. Nampa yule aliyenirudishia kusoma."

Watatu wakatazamana. Kila mmoja alikuwa amejifunza herufi zake mbele ya milango ile, na hakuna aliyeweza kusema kwamba hakitaki kitu kile.

"Mama," Namsifu akaanza, "ulitaka kufa na siri yako. Kama nisingeiona, nani angenunua nini? Ungekuwa bado unafunua kurasa za giza, na sisi tunafurahi."

"Kweli," akasema Elinihaki. "Lakini kujua ugonjwa si kuuponya. Wangeninunulisha cha kwanza, mama angekijaribu siku mbili akakiweka uvunguni, na angesema kosa ni la macho yake. Asingejaribu tena."

Mbonea alikuwa anajikanda vidole. "Ninyi mlimpa macho," akasema. "Aliyaona maandishi, akahuzunika zaidi. Mlikuwepo. Mlimsikia akisema haziongei."

Hawakugombana. Ingekuwa rahisi kama wangegombana, mama angewanyima wote. Kila mmoja alisema la kweli, na kila mmoja alijua kuwa mwenzake naye amesema la kweli. Bi. Nietiwe aliwatazama kwa zamu, kwa upembe, namna yake mpya ya kutazama.

"Nilifikiri ni jambo jepesi," akasema. Ufunguo wa kabati ulikuwa mkononi mwake, na mkono ukabaki umenyooshwa hivyo hivyo, haujui uelekee wapi.

Mimi nawaachia hapo. Aliyeona yupo, aliyechagua yupo, na aliyechapa yupo, na mama hawezi kusimama hivyo siku nzima. Haya, ninyi mliosikiliza: ungekuwa mkono wako, ufunguo ungemkabidhi nani?