Mwonjaji wa Tumbaku ya Kale

Mihayo, mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, alijigamba kwamba mvuto mmoja tu wa kiko unamwambia tumbaku ina miaka mingapi. Iliyokomaa aliahidi kuilipia ng'ombe mmoja kwa robota. Iliyo changa aliichukua bure, iwe fundisho kwa wazembe. Ajabu ni kwamba miaka yote hakuna aliyeondoka na ng'ombe.

Zamu ya Kalekwa ilifika. Alikuwa mjane, na robota lake lililokaa darini miaka saba ndilo mali pekee aliyobakiwa nayo.

"Nipe kiko chako nikutengenezee, Mwanangwa," alisema mbele ya watu. "Ila nasikia mabingwa wa kweli huonja wakiwa wamefumba macho. Sijui kama wewe unaweza."

"Mimi? Nifunge kitambaa, mama, uone!"

Kalekwa akamfunga, akakigongagonga kiko, akakishindilia kwa kidole gumba, akasogeza kaa la moto.

"Vuta, baba."

Mihayo akavuta mara mbili, akapunga mkono kama anayefukuza moshi.

"Changa!" akasema. "Hata miezi sita haina. Inakwaruza koo. Robota ni langu."

"Baba, huenda umekosea."

"Nikosee mimi? Nikikosea, chukua ng'ombe wawili. Watu wote hawa ni mashahidi!"

Watu walikuwa wameziba midomo kwa viganja. Kalekwa akamfungua kitambaa, akakipindua kiko juu ya kiganja chake. Hakikudondoka kitu, hata jivu.

"Robota bado sijalifungua, Mwanangwa," alisema. "Ng'ombe nichague mwenyewe, au utaniswagia?"