Kikohozi Kilichomezwa

Ugonjwa hauponi kwa kuonewa haya. Ukifichwa humla mtu ndani kwa ndani, na siku ukijitokeza, mwenyewe hana tena mdomo wa kujitetea. Wasioamini wawaulize watu wa Lufingo, waliomzika Ambindwile mwezi wa Julai.

Ambindwile alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa kazi shamba la chai lilipouzwa kwa mtu binafsi. Alihangaika huku na huko, hadi kampuni moja ya utalii ilipofungua ofisi mjini Tukuyu, ikatafuta watu wa kuwatembeza wageni msituni kutazama ndege. Hapo akapata pa kujishikiza. Alijua kuwaita ndege kwa mluzi, nao wakamwitikia kama jirani aliyeitwa uani. Kazi hiyo ilikuwa na sharti moja kubwa, nalo ni kimya.

Tangu masika alikuwa akikohoa. Mwili ulimpukutika, na usiku alilowa jasho pamoja na baridi yote ile. Mkewe, Sekela, alimsihi mpaka akachoka.

"Baba Atupele, nenda hospitali. Dawa za kifua wanatoa bure."

"Niende nionwe na nani?" alifoka. "Siku hizi mtu akikohoa na kukonda, wanasema amekanyaga miwaya, ana UKIMWI. Kampuni ikisikia, kesho wamemchukua mwingine. Mtoto utamlisha nini, huo ushauri wako?"

Sekela akanyamaza. Laiti asingalinyamaza!

Asubuhi ya safari yake ya mwisho, Mlima Rungwe ulikuwa umejifunika ukungu gubigubi. Baridi ya kipupwe iliyapenya makoti ya wageni mpaka mifupani. Ambindwile alitangulia, tangawizi mbichi mdomoni na skafu shingoni. Mwenzake, Hezron, alifuata nyuma ya wageni. Waliwaona mbega wamejikunyata juu ya mti, manyoya yao marefu yakidondosha maji. Mbele kidogo walikuta kinda limekufa kwa baridi kando ya njia, siafu wamekwisha kulizunguka.

Kila kikohozi kilipompanda, Ambindwile alichuchumaa kana kwamba anachunguza nyayo za mnyama, akakoholea ndani ya skafu. Wageni walimwona fundi. Hezron hakudanganyika.

"Kaka, wewe unaumwa. Tuwarudishe watu hawa."

"Mafua tu. Ukilipeleka neno ofisini, undugu wetu umekwisha."

Hezron naye akaufyata mdomo.

Penye mianzi, wageni walitaka kumwona ndege mmoja mdogo, mwenye kifua cha rangi ya chungwa, ambaye hujificha sana. Ambindwile akapiga mluzi. Ndege akaitika kutoka kichakani. Akapiga tena; ndege akasogea, akatua kwenye tawi la karibu. Wageni wakazuia pumzi. Hapo ndipo kikohozi kilipompanda kwa nguvu zake zote. Akaikandamiza skafu mdomoni kwa mikono miwili, macho yakamtoka pima, mishipa ya shingo ikamsimama, asitoe hata mguno. Wageni walimtazama ndege, hawakumtazama yeye. Walipogeuka kumpongeza, alikuwa amepiga magoti matopeni, damu ikimchuruzika kati ya vidole.

Walimshusha kwa machela ya mianzi, wakamfikisha hospitali angali anahema. Makohozi yalipopimwa, ikaonekana ni kifua kikuu, ugonjwa unaotibika. Lakini mapafu yalikuwa yamekwisha kuliwa. Alifariki kesho yake.

Watu walipokusanyika msibani, muuguzi akafika mchana kweupe, akasimama uani.

"Walioishi na marehemu, na waliofanya naye kazi, wote waje wapimwe."

Minong'ono ikaenea. Atupele, binti mdogo wa marehemu, akakohoa mapajani mwa mama yake. Wanawake waliokaa naye mkeka mmoja wakajivuta pembeni.

Sekela akasimama. "Mnanong'ona nini? Ni kifua kikuu. Kilikohoa ndani ya nyumba yangu, nami nikakinyamazia."

Akambeba mtoto mgongoni, akaandamana na muuguzi mbele ya macho yale yale aliyoyakimbia mumewe. Hezron akainuka, akawafuata akiwa ameinamisha kichwa.

Kaburi lilikuwa bado halijachimbwa, na siri haikuwapo tena. Hakika, mficha maradhi, kifo humuumbua.