Maombi Marefu Juu ya Kibo

Mama Anasia alikuwa amechagua kiti cha dirishani, upande wa kushoto, ili ndege ya Nairobi ikipita auone Mlima Kilimanjaro kutoka juu, walau mara moja kabla hajafa. Akamkuta Bwana Malekela, tajiri wa malori, amekwisha kukikalia.

"Hicho changu, baba."

"Kaa hapo katikati, mama. Huo mlima nitakusimulia."

Akageukia nje, na kichwa chake kikubwa kikaziba dirisha lote.

Rubani akatangaza kwamba mlima utaonekana punde si punde. Papo hapo ndege ikatikisika kama ungo wa kupepetea mchele. Bwana Malekela akamkamata mama mkono.

"Mama, unajua kuomba?"

"Kidogo tu. Inamisha kichwa, baba. Fumba macho, na usifumbue mpaka amina."

Tajiri akainama mpaka magotini. Mama akaombea bawa la kulia na la kushoto, akamwombea rubani na mama mkwe wa rubani, akaombea malori yote na matairi yake, hata la akiba. Ndege ilikwisha kutulia zamani, naye bado anaombea breki.

"Amina."

Bwana Malekela akarukia dirisha. Mawingu matupu.

"Mlima uko wapi?"

"Tumeupita, baba. Kilele cha Kibo kimevaa theluji mpaka mabegani, cha Mawenzi kimechongoka kama jino. Mungu fundi!"

"Umeuonaje, nawe ulikuwa unaomba?"

"Nisamehe, baba. Maombi ni kama ndege: abiria anaweza kufumba macho, rubani hawezi."