Mguu Mzima wa Walubengo

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Maana yake ni kwamba mtu akisifiwa kupita kiasi kwa kazi yake, huanza kuiharibu. Sisi wa mtaa wa Gatwekera hatuna minazi wala wagema, ila tunaye Okeyo, na yeye peke yake anatosha kuifafanua methali hii.

Okeyo ni seremala. Alipohitimu mafunzo ya huduma ya kwanza yaliyotolewa na muuguzi Seline, hakuna aliyemtia maanani. Kisha Nereah, muuza dagaa wa omena, akateleza kando ya mtaro akavunjika mkono. Okeyo alimketisha, akamuuliza anaumia wapi, akaukinga mkono kwa vipande viwili vya mbao vilivyoviringishiwa vitambaa, kisha akaufunga kwa leso polepole kama anayemvisha mtoto mchanga. Hospitalini daktari aliuliza ni nani aliyefanya kazi safi namna ile. Nereah alirudi na sifa hizo akazigawa mtaa mzima bila kupima kwa kopo la gorogoro.

Tangu siku hiyo Okeyo akawa Daktari. Alipewa chai bila kuagiza. Koti lake la njano la huduma ya kwanza alilivaa hata kanisani, na akimwona mtu anachechemea alitikisa kichwa kama ajuaye siri. Seline alikuwa ametangaza kwamba Jumamosi angemteua kiongozi wa kikundi cha huduma ya kwanza, na Okeyo aliitamani nafasi hiyo usiku na mchana.

Alhamisi, Walubengo, fundi wa mabati, alianguka kutoka paa la kanisa. Okeyo alipotokea watu walimpisha.

"Tokeni, Daktari amekam," kijana mmoja alisema. "Leo mtaona kazi."

Kichwa cha Okeyo kilivimba papo hapo. Aliona damu na suruali iliyoraruka mguu wa kushoto, ikamtosha. Hakuuliza, hakugusa. Alitoa mbao zake mpya, alizozipiga randa na vanishi, akaanza kufunga.

"Daktari," Walubengo alisema kwa shida, "si hiyo. Ni hii ingine."

"Tulia, ndugu yangu. Uko na mshtuko. Mtu wa mshtuko hajui anachosema."

"Mimi najua miguu yangu, Daktari. Ziko mbili tu."

Watu walicheka. Okeyo alikaza fundo la mwisho, akafinya kidole gumba cha mguu kama alivyofunzwa.

"Unasikia?"

"Nasikia poa sana. Hata kabla ufunge nilikuwa nasikia."

"Mmeona?" Okeyo aliwaambia watu, nao wakapiga makofi.

Ndipo akaamuru ainuliwe. Walubengo alikanyaga kwa mguu wa kulia, na mfupa uliokuwa umepasuka tu ukahama mahali pake. Yowe lake lilinyamazisha kila mtu. Seline alifika mbio, akamlaza chini, akaikata suruali upande wa kulia. Muundi ulikuwa umevimba kama mkate. Alizifungua mbao kwenye mguu mzima akazihamishia kwenye uliovunjika.

"Okeyo, alikuambia ni mguu gani?"

"Aliniambia."

"Mara ngapi?"

Okeyo alitazama viatu vyake. "Mbili."

Walubengo, ambaye labda angevaa plasta wiki chache tu, alipasuliwa akatiwa chuma, akakaa miezi mitano bila kupanda paa. Jumamosi, uongozi alipewa Akeyo, mwanamke mwoga mfua nguo, ambaye humuuliza mgonjwa mara tatu anaumia wapi. Okeyo alipiga makofi pamoja na wengine huku haya ikimchoma kwelikweli.

Juma lililofuata alimpelekea Walubengo magongo aliyoyachonga mwenyewe. Walubengo aliyapima kwapani, akayajaribu hadi mlangoni na kurudi. Yalikuwa magongo mazuri ajabu. Akafungua kinywa amsifu fundi, akautazama mguu wake, kisha akakifunga, kwa maana alikwisha kujua kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.