Hodi Tatu na Kamera ya Mzee Kihiyo

Wewe unayesikiliza, ukipiga hodi mara tatu usijibiwe, unafanya nini? Unaondoka. Hata mtoto anajua. Basi lishike hilo.

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, huko Tanga, Mzee Kihiyo, mkuu wa shule mstaafu, alifunga kamera juu ya geti lake. Akang'oa na kengele. Akawakusanya mkewe Bi Zaina, mwanawe Athumani na bintiye Salha, akawahutubia kama wako mstarini: "Kuanzia leo hakuna kutega masikio. Akija mtu, simu zetu zitasema."

Zikasema kweli. Ting'! Kuna kitu getini. Salha akatazama: paka. Ting'! Kuna kitu getini: jani la mgomba. Ting'! Kanga ya mama, kwenye kamba. Ting'! Buibui, kajenga mbele ya jicho la kamera, anaonekana mkubwa kama ndama. Haikupita wiki, watu wakawa wanashtuka hata kijiko kikianguka.

Wa kwanza kuchoka alikuwa Bi Zaina. "Athumani mwanangu, hebu iambie isiitazame kamba yangu. Kanga zangu si wezi."

Athumani akachora mpaka mpya kwenye simu. Kamba ikabaki nje ya mpaka, na kibaraza cha wageni, kilicho chini ya kamba, kikabaki nje nacho.

Athumani naye akachoka. Akaipunguza makali: iite ikiona binadamu tu, tena binadamu wa kuonekana kichwa na mabega.

Salha alikuwa na yake. Kila alasiri Nuhu, kijana waliyependana naye, alipita getini kumsalimia, na kila alasiri simu ya baba ilimtangaza. "Yule mrefu tena?" Basi Salha akainyamazisha kamera saa ya alasiri. Akasema ni kwa heshima ya swala.

Mzee Kihiyo akausikia ule utulivu, akanenepa. "Mnaona? Mashine ukiivumilia inaelimika."

Sasa, baba yake Nuhu, Mzee Singano, alikuwa ameikataa ndoa hiyo muda mrefu. Alisema watu wa Kihiyo wanajiona. Nuhu akambembeleza, shangazi zake wakambembeleza, hatimaye mzee akalegea: washenga watapeleka barua ya posa wiki hiyo, alasiri ya siku watakayoiona ina heri. Salha akafua mapazia.

Alhamisi, jua bado liko juu, Nuhu akapiga simu. "Salha, mmetukataa?"

"Nani kawakataa?"

"Washenga wamekuja. Wamepiga hodi tatu, kimya. Wamerudi na barua yao. Baba anasema kimya nacho ni jibu. Anasema kama ni kosa, aje mwenye kosa mwenyewe kabla ya Magharibi, asitume mtu. La sivyo barua inakwenda mlango mwingine."

Salha alikaa chini palepale, jikoni uani, kwenye magunzi ya mahindi. Kisha akapiga ukelele uliowaleta wote sebuleni.

Wakafungua kumbukumbu za kamera. Lo! Kamera ilikuwa imeona kila kitu. Ila haikumwambia mtu. Washenga hao, kanzu nyeupe, wamekimbilia kivuli cha kibaraza, kila mmoja chini ya mwavuli wake.

"Aende Athumani," alisema Bi Zaina. "Mimi nilisema kamba. Nilisema kibaraza?"

"Mama, kibaraza na kamba ni ukuta mmoja! Na mimi nitajuaje wazee watakuja na miavuli? Kamera haikuona vichwa, iliona uyoga."

"Uyoga! Wakwe wa dada yako unawaita uyoga!"

"Aende baba, ndiye aliyeng'oa kengele."

"Mimi," alisema Mzee Kihiyo, "niliyeleta maendeleo nyumbani, ndio niitwe mkosaji?"

Salha akawatazama. Alijua kwamba hata washenga wangesimama katikati ya geti, vichwa wazi, saa ile simu isingelia.

"Ni mimi," akasema. "Alasiri niliinyamazisha mimi. Haikuwa swala. Ilikuwa Nuhu."

"Ahaa!" Mzee Kihiyo akasimama, uso umemnawiri. "Basi jibu tunalo. Vaa baibui uende."

Lakini hakuna aliyekuwa ameisimamisha ile picha. Ikaendelea kusema peke yake. "Hodi wenyewe!" Kimya. "Hodi!" Na hapo, kutoka dirisha la sebule, pakasikika kikohozi. Kikavu, kirefu, chenye mkia. Wanafunzi wa miaka mingi walikitii kikohozi kile.

"Hodi!" Washenga wakatazamana, wakageuka.

Bi Zaina akamgeukia mumewe polepole. "Baba Athumani. Ulikuwa hapa."

"Nilikuwa nasoma gazeti."

"Baba," alisema Salha, "ulisikia?"

Mzee Kihiyo akaitazama simu mkononi, kama vile ingemjibia. Haikumjibia.

"Nilisikia," akasema. "Zote tatu. Nikasema, angekuwa mtu, simu ingeniambia."

Jua hilo linashuka, na Mzee Singano kakaa mlangoni kwake. Kuna aliyeitetea kamba, kuna aliyetaka vichwa, kuna aliyenyamazisha alasiri, na kuna mwenye masikio yake. Je, nani alistahili kwenda?