Nguzo Iliayo Haiui

"Nguzo iliayo haiui." Bibi Namsifu alitujibu hivyo, tulipomcheka kwamba nyumba yake huguna kama mgonjwa kila masika. Mvua ilikuwa ikinyesha. Tukamuuliza msemo huo kautoa wapi, naye akavuta kigoda karibu na mlango. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, huku kwetu milimani Upare, mafundi hawakuigongomea nguzo ya kati. Waliifunga kwa kamba za magome, wakaiachia nafasi kidogo ya kucheza. Udongo wa mlima ukisogea, hata kidogo tu, nguzo ilisuguana na boriti ikalia: kwii, kwii. Watu wakatoka.

Mtu mmoja, Mrutu, aliichoka sauti hiyo. Wageni walimtania, "Shemeji, nyumba yako ina kikohozi!" Basi akakata kamba, akaikaza nguzo kwa misumari ya mhunzi. Nyumba ikanyamaza. Mama yake akahamia jikoni, kibanda cha zamani kule nyuma, ambacho nguzo yake ilikuwa bado imefungwa kwa kamba.

"Mimi silali penye nguzo iliyozibwa mdomo," alisema.

Mwaka ule mvua haikupumzika. Mchana mmoja nguzo ya jikoni ikaanza kulia, kwanza polepole, kisha mfululizo. Kuku wakakimbia. Mama mtu akatoka, miguu inazama topeni, akavuka kijito kilichopita kando ya nyumba, akiita, "Nakiete! Mtoe mtoto! Toka, mwanangu!"

Nakiete, mke wa Mrutu, alikuwa akinyonyesha. Akasikiliza. Ndani kimya kabisa, hata panya hawakusikika.

"Mama naye!" Mrutu akacheka. "Hapa kuna kinacholia?"

"Hakuna," Nakiete akasema. "Ndicho ninachokiogopa."

Akambana mtoto kifuani, akakimbilia ng'ambo ya kijito, alikokuwa mama mkwe.

Mrutu akaiwekea nguzo sikio. "Hailii!" akawapigia kelele. "Rudini, mtalowa bure! Haili..."

Mlima ukashuka. Nyumba ilikwenda nzima, na yeye ndani, haikuguna hata mara moja. Jikoni kuliendelea kulia mpaka jioni, ndipo kibanda kikalala chini, kitupu.

Tangu hapo, fundi wa huku akikagua nyumba huisukuma kwanza nguzo kwa bega. Ikikaa kimya, huifungua na kuifunga upya kwa kamba, ndipo watu walale humo.

Bibi akaishia hapo. Juu ya vichwa vyetu boriti ikalia: kwii. Safari hii hakuna aliyecheka. Ikalia tena. Bibi alikwisha kushika fimbo yake.

"Nguzo iliayo haiui," alisema. "Haya wajukuu zangu, nje."