Sange na Sare ya Harusi ya Tembo

Hapo zamani za kale, wanangu, na si kale ya kubahatisha, maana ilikuwa Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, umande haujakauka, Mama Tembo aliingiza mkonga katika kibanda cha Sange bila kupiga hodi.

Tuanze na huyu Sange, kwa kuwa ni mdogo na mtu anaweza kumkanyaga asijue. Sange ni mnyama wa ukubwa wa panya, mwenye miguu myembamba ya kukimbilia na pua ndefu, kama mkonga ulioshonwa na fundi aliyeishiwa kitambaa. Kazi yake ilikuwa kubuni kanga. Alichora kwa mkaa juu ya kitambaa cheupe, Kigogota akachonga chapa za mti kwa kuufuata mchoro, ko-ko-ko-ko, kisha kanga zikapigwa rangi. Michoro ya Sange ilikuwa safi. Ua la kushoto likiwa na petali tano, la kulia nalo lilikuwa na tano, na asiyeamini alikaribishwa ahesabu.

"Sange!" Mama Tembo alisema, na vibakuli vya rangi vikatetemeka, kri-kri-kri. "Rehani wangu anaolewa."

"Hongera, Mama! Lini?"

"Mwezi ukiandama. Nataka sare. Wanawake wote watakaokuja wavae kanga moja, na kanga hiyo isiwe imewahi kuonekana msitu huu. Mchoro umfikie Kigogota Ijumaa asubuhi, la sivyo hatamaliza kuchonga kwa wakati."

"Ungependa iweje, Mama?"

"Mimi nitajuaje? Fundi ni wewe. Buni!"

"Hata rangi tu, Mama..."

"Buni, mwanangu. Nikiiona nitaijua." Mama Tembo akageuka, na kibanda nacho kikageuka naye kidogo. Mlangoni akakumbuka jambo. "Kibanda hiki nilikupa ukae kwa sababu ya mkono wako. Fisi amekuwa akiniomba, nami namkatalia. Ijumaa nisipoona mchoro, nitamwambia ahamie. Ananiambia naye anajua kuchora."

"Fisi? Anachora nini?"

"Mifupa," Mama Tembo alisema. "Lakini anamaliza kwa wakati."

Akaenda zake. Gu! Gu! Gu!

Sange akatandika kitambaa cheupe. Akachonga mkaa. Akaona mkaa bado mnene, akauchonga tena. Akafagia. Akapanga vibakuli vya rangi kuanzia nyeusi hadi njano, akavitazama, akavipanga upya kuanzia njano hadi nyeusi. Ilipofika adhuhuri kitambaa kilikuwa bado cheupe, ila kibanda kilikuwa safi kuliko siku ya Idi.

Kanga, kama mjuavyo, ina pindo linaloizunguka pande zote, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno yanayosema kile ambacho mvaaji hathubutu kukisema. Sange aliona aanze na pindo. Akachora korosho. Lakini korosho si za kila mtu? Akafuta. Akachora nyota. Papo hapo akamsikia Mama Tembo kichwani mwake akiuliza, "Nyota?" Akafuta. Akajaribu mji, akajaribu jina. Kila alichokianza alikitazama kwanza kwa macho ya Tembo, kisha kwa macho ya Fisi, na kabla hajakitazama kwa macho yake mwenyewe mkono ulikuwa umesharudi mapajani.

Jumatano alifanya kama mtu yeyote anayeogopa kukosea: alikwenda kuuliza tena.

Harusi ile ilikuwa na wanawake wengine wawili wenye sauti. Wa kwanza alikuwa Shangazi Kiboko. Msicheke, alikuwa shangazi halali: yeye na baba yake Rehani walinyonya ziwa moja. Sange alimkuta mtoni, ametoa macho tu.

"Shangazi, shikamoo. Sare ya Rehani ungependa iweje?"

"Marahaba. Iwe nzuri."

"Nzuri namna gani?"

"Nzuri!" Kiboko alipuliza maji, fwaaa! "Hujui nzuri? Na kusoma kote kule!"

Wa pili alikuwa Somo Nyati, aliyemfunda bi harusi namna ya kukaa na mume. Huyu alikuwa mpole, na alitafuna nyasi kwa muda mrefu kabla ya kujibu.

"Weka chochote, mwanangu."

"Chochote, Somo?"

"Chochote. Ila kisiwe chochote tu."

Sange akarudi nyumbani na majibu hayo mawili, akakaa mbele ya kitambaa, akapigapiga mguu sakafuni, tu-tu-tu-tu, kama afanyavyo akiingiwa na hofu. Kwa ndani alikwisha kuanza kuhama. Aliwaza ni kibakuli kipi atakibeba kwanza na kipi kitamshinda.

Alasiri hiyo Shangazi Kiboko alikuwa akitoka sokoni na kikapu chake. Akachungulia dirishani.

"Wee Sange!"

Sange akaruka. Mguu ukagonga kibakuli cha rangi nyeusi. Pwaa! Doa kubwa likaenea juu ya kitambaa cheupe.

"Hee! Hee!" Kiboko alisema. "Doa gani hilo limekaa kama mgeni asiyepewa kiti? Lingekuwa chini, huku pembeni. Na mbona liko peke yake? Hilo ni kama maji, na maji hayakai mahali pamoja, maji huenda! Lingezunguka hivi, hivi, hivi, mpaka lirudi lilikotoka. Khaa! Hata mimi najua."

Akaenda zake akiguna.

Sange hakulifuta doa. Alilitazama. Mtu aliyeulizwa asubuhi anataka nini alisema "nzuri" basi, na alasiri, kwa kuona doa tu, alikuwa na maneno ya kujaza pindo zima.

"Kumbe!" Sange alisema peke yake. "Hawa hawajui kutaka. Wanajua kukosoa."

Alhamisi asubuhi akatandika kitambaa kingine, akaanza kuchora kanga mbaya kuliko zote alizoweza kufikiria. Na mkono ulikimbia! Haukuwa na mtu wa kumwogopa. Akachora pindo la mistari iliyopinda kama barabara ya mlevi. Katikati akaweka kitu, nusu kuku, nusu birika. Ua la kushoto akalipa petali saba, la kulia tatu, na hapo ilimbidi afumbe macho kwa uchungu. Chini akaandika jina: KARIBUNI MLE MUONDOKE.

Kisha akatuma neno kwa wote watatu: njooni upesi, kimyakimya, nimeinasa siri ya nyumba ya Kifaru.

Nyumba ya Kifaru ilikuwa ng'ambo ya mto, na baina yake na nyumba ya Tembo palikuwa na ushindani wa tangu enzi za mababu. Wakubwa walikuja kimyakimya kwa kadiri ya uwezo wao. Gu! Gu! Gu! Ukuta mmoja ukapata ufa.

"Siri gani?" Mama Tembo aliuliza huku akihema.

"Karibuni ndani, msimwambie mtu," Sange alinong'ona. "Kifaru naye ana harusi. Sare yao ndiyo hii."

Akafunua kitambaa.

Shangazi Kiboko akaangua kicheko kilichomwangusha mjusi darini. "Ha! Ha! Haaa! Masikini Kifaru! Huyo ni kuku?"

"Ni birika," alisema Somo Nyati.

"Ni kuku anayemimina chai!"

"Mimi naona wameipatia," Sange alisema kwa sauti ndogo.

Wote watatu wakamgeukia.

"Wameipatia?" Mama Tembo alisema. "Wewe mtoto una homa?"

"Sioni kosa, Mama. Pindo, kwa mfano, limetulia."

"Limetulia wapi!" Kiboko alipayuka. "Hilo pindo lina kiu! Lete mkaa. Lete hapa!" Akaubana mkaa kwa meno, akachora wimbi moja kubwa, jingine kubwa zaidi, hadi pembeni, huku akisema maneno yasiyoeleweka kwa sababu ya mkaa mdomoni.

"Kuku mniachie, namwonea huruma," Sange alisema.

"Kuku atoke!" Mama Tembo akampokonya Kiboko mkaa kwa mkonga. "Katikati ya kanga ya harusi pawe na kitu chenye uzito wake. Kitu cha duara, kilichoshiba." Akachora duara, vrrrum, likammeza kuku, likalimeza birika.

Somo Nyati alikuwa bado anatafuna. "Duara peke yake litalala upande," akasema. "Halina wa kulishika." Akachovya ncha za pembe katika rangi, akainama, akapiga alama za pembe juu ya duara na chini yake, zikilikumbatia. "Hivi. Mume na mke ni kushikana."

"Basi angalau jina lao tulisifu," Sange alisema. "Karibuni mle muondoke. Ni kweli, wageni lazima waondoke."

Hapo Mama Tembo alisimama, na paa likainuka kidogo. "Muondoke? Mgeni anaambiwa aondoke hata hajaketi? Hao ni Kifaru! Kwetu mtu akija tunamwambia, uliyekuja karibu, nyumba ni pana! Sisi hatufukuzi watu!"

"Hatufukuzi!" Kiboko akaitikia.

Sange alitamani kuuliza habari ya kibanda, akawafungulia mlango.

Wakaondoka wakiwa wachangamfu sana, kama watu waliomshinda adui vitani. Walipotoka tu, Sange akakisogelea kile kitambaa kilichochafuka. Wimbi la kwanza la Kiboko lilikuwa kubwa, la pili kubwa zaidi, la tatu limekatika. Mkono ukamwasha.

"Nitalisawazisha hili moja tu," akasema.

Akatandika kitambaa kipya pembeni, akalichora wimbi upya. Likahitaji mwenziwe wa kulipokea, akamchora. Mawimbi yakazunguka pande zote nne yakarudi yalikotoka. Duara la Tembo lilikuwa limeegemea kama sufuria juu ya mafiga mawili, akaliweka sawa. Pembe za Nyati akazipunguza unene, akazielekeza kila moja kwa mwenzake. Adhana ya Magharibi ilimkuta anaandika jina, herufi kwa herufi: ULIYEKUJA KARIBU, NYUMBA NI PANA. Alipoinua kichwa ndipo akagundua kwamba tangu saa nane mchana hakumfikiria Fisi hata mara moja.

Lakini Fisi alikuwa amemfikiria yeye. Ijumaa asubuhi alikuwa mlangoni na kitanda cha kamba kichwani na sufuria mkononi.

"Hodi hodi, jirani! Endelea tu kufungasha, mimi sina haraka."

Nyuma yake wakaja wakubwa watatu, na Kigogota akatua juu ya paa. Ko-ko! Miguu ya Sange ilikuwa inataka kupiga sakafu, akaibana. Akaushika mchoro ncha mbili, akautundika ukutani.

Mama Tembo aliutazama. Masikio yake yakasimama, yakashuka, yakasimama.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo hasa! Ndicho kitu nilichokuwa nakitaka tangu Jumanne. Umejuaje?"

"Nimebuni, Mama."

"Maji!" Kiboko alipiga kelele. "Jamani, ameweka maji ninayoyapenda! Nani alimwambia? Si niliwaambia huyu amesoma?"

"Na hilo jina!" Mama Tembo akafuta jicho kwa ncha ya mkonga. "Kama vile alikuwa ndani ya moyo wangu. Fisi, mbona umesimama na kitanda?"

"Napita tu, Mama," alisema Fisi.

"Pita basi."

Fisi akapita, sufuria ikigongana na kitanda, kla-kla-kla, mpaka kwenye kona. Tembo na Kiboko wakashika njia wakiisifia sare ya harusi ya Rehani. Kigogota akateremka kuuchukua mchoro.

"Ngoja kidogo," alisema Somo Nyati. Alikuwa amebaki. Alitafuna, akameza. "Jana jioni nilivuka mto nikampe Bi Kifaru hongera ya harusi."

Sange alisimama tuli. Pua tu ndiyo iliyocheza.

"Akaniuliza, harusi gani?"

"Ukamjibu nini, Somo?"

"Nikamjibu nimekosea nyumba." Nyati akausogelea mchoro, akauangalia kwa jicho moja, kisha kwa la pili. "Hizi pembe ni nzuri. Ila fupi."

"Zimelingana na mawimbi, Somo. Zikizidi, mji wote utaelemea juu."

"Fundi ni wewe," Nyati alisema kwa upole. "Mimi najua tu habari za ng'ambo ya mto."

Sange akamtazama, akautazama mchoro. Akachukua mkaa, akaziongeza urefu pembe zote, ya kushoto sawa na ya kulia, ya juu sawa na ya chini, akapuliza vumbi, akaukabidhi mchoro kwa Kigogota.

Wanangu, anayengoja kuanza vizuri haanzi: kichafue kitambaa kwanza.